Kwa Nini Mwingine Anaacha Sigara Upesi na Mwingine Anashindwa?

Tuwaze yaya mmoja na mdogo wake wanaokaa katika lupango moja hapa Lubumbashi, katika mtaa wa Katuba. Wote wawili walianza kuvuta sigara siku za ujana wao. Wote wawili wamesikia daktari akisema waache. Mdogo anatupa pakiti yake siku ya kwanza ya mwezi. Anasikia uchungu kidogo kwa siku tatu au ine, kisha anasahau. Yaya naye anatupa pakiti yake siku ile ile. Usiku hapati usingizi. Kesho yake anagombana na mke wake kwa sababu ya chumvi katika mboga. Siku ya tatu hawezi kukaa pahali pamoja, na jioni anatoka polepole mpaka kwa mwuzaji wa barabarani anayeuza sigara moja moja, na anavuta mbili, moja nyuma ya nyingine.

Watu wanasema nini? Wanasema mdogo ana moyo wa nguvu, na yaya ni mtu dhaifu. Tena kama ni watu wa kanisa, pengine wanasema imani ya yaya ni ndogo.

Hukumu hii si ya haki, nasi tutaeleza kwa nini. Kisha tutajibu swali jingine ambalo wagonjwa wanauliza sana siku hizi: Je, mtu akiacha sigara ya moto na kushika sigara ya umeme, ile ambayo vijana wanaiita vepu, je, mtu huyu ameacha?

Kiu ya nikotini

Katika jani la tumbako mna kitu kinachoitwa nikotini. Mtu akivuta moshi, nikotini inaingia katika mapafu, inapita katika damu, na kufika ubongo katika muda wa nukta 10 mpaka 20 tu. Hakuna sindano ya hospitali inayofika upesi hivi ikipigwa katika mkono. Ubongo unapokea nikotini na kutoa kitu chake chenyewe kinacholeta furaha na utulivu. Furaha hii ni fupi. Baada ya saa 2 hivi nusu ya nikotini imekwisha kuondoka katika damu, na ubongo unaanza kudai tena.

Mtu anayevuta kila siku, ubongo wake unageuka. Unaongeza milango ya kupokea nikotini, kama nyumba iliyoongezwa vyumba kwa ajili ya wageni. Siku wageni wasipokuja, vyumba vyote vinalia. Ndiyo sababu mtu anayeacha anasikia hasira, huzuni, njaa nyingi, usingizi mbaya, na mawazo yanayotawanyika. Mateso haya yanapanda sana katika siku 2 au 3 za kwanza, kisha yanashuka polepole kwa majuma 2 mpaka 4. Si ugonjwa wa kufisha. Lakini ni mateso ya kweli, na asiyeyajua asimcheke mwenzake.

Sasa fahamu jambo hili vizuri: nikotini ndiyo inayomfunga mtu, lakini si nikotini hasa inayomwua. Inayomwua ni moshi. Katika moshi wa sigara mna vitu vya kemikali zaidi ya 7,000, na karibu 70 kati yao vinajulikana kuleta kansa. Mna gesi ya monoksidi ya kaboni, ile ile inayoua watu wanaolala na mbabula wa makaa katika chumba kilichofungwa. Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) linahesabu watu zaidi ya milioni 7 wanaokufa kila mwaka kwa sababu ya tumbako. Na kwetu Katanga kuna jambo zaidi. Mwenye kuvuta sigara anaweza kupata kifua kikuu karibu mara 2 kuliko asiyevuta. Tena kuna wanaume wengi wanaochimba mashimo, na mapafu yao yanakula vumbi la mawe mchana kutwa. Mapafu yenye vumbi yakiongezewa moshi, yanabeba mizigo miwili.

Tofauti inatoka wapi?

Tuwarudie yaya na mdogo. Wamezaliwa na baba mmoja na mama mmoja. Lakini miili yao haifanani katika yote.

Ndani ya ini mna kitu kinachovunja nikotini na kuisafisha katika damu. Kwa watu wengine kitu hiki kinafanya kazi upesi sana. Kwa wengine kinakwenda polepole. Tofauti hii mtu anazaliwa nayo, kama urefu wa mwili wake. Mtu ambaye ini lake ni la upesi, nikotini inamwisha mapema, kiu inarudi mapema, na anawasha nyingine. Huyu anavuta zaidi, na kuacha kunamshinda zaidi. Mwenye ini la polepole anaweza kukaa nusu siku na sigara moja tu. Basi siku ya kuacha, huyu wa pili anashuka mlima mdogo, na yule wa kwanza anashuka mlima mkubwa. Kwa kawaida ini la mwanamke linavunja nikotini upesi kuliko la mwanamume, na wakati wa mimba upesi zaidi. Kwa hiyo mama mwenye mimba anayeshindwa kuacha asipigwe maneno. Mwili wake wenyewe unamdai kwa nguvu.

Lakini ini si yote. Mtu aliyeanza na miaka 13 au 14, ubongo wake ulikuwa ungali unajengwa, na nikotini ilijengwa pamoja nao. Mwenye huzuni ya siku nyingi, mjane, mtu aliyeona vita, huyu anatumia sigara kama dawa ya moyo, na akiiacha huzuni inarudi juu yake yote kwa mara moja. Mchimbaji anaivuta kwa kuwa inapunguza njaa, naye hana chakula mpaka jioni. Mlinzi wa usiku anaivuta apate kukesha na kusahau baridi ya mwezi wa 6. Tena mtu anayelala katika chumba ambamo wengine watatu wanavuta, huyu atashindwa mahali ambapo mtu wa peke yake angeshinda.

Na kuna nguvu ya desturi. Mkono umezoea kwenda kinywani. Mtu anayevuta sigara 20 kwa siku, na kila moja akaivuta mara 10, mkono wake umepanda mara 200 siku moja, yaani zaidi ya mara 70,000 katika mwaka. Hakuna sala wala kazi anayoirudia namna hii. Chai ya asubuhi inaita sigara, bia inaita sigara, kungoja taxi kunaita sigara. Nikotini inaweza kuwa imekwisha kutoka mwilini tangu mwezi mzima, lakini mtu anaketi mbele ya chupa ya bia na rafiki wa zamani, na mkono unakwenda wenyewe mfukoni.

Unataka kujua mlima wako ni mkubwa namna gani? Mtaalamu wa Sweden jina lake Karl Fagerström aliandika maswali juu ya jambo hili mwaka wa 1978, na maswali hayo, yakiwa yametengenezwa tena mwaka wa 1991, yanatumika mpaka leo katika inchi nyingi. Moja linapita mengine: Ukiamka asubuhi, unakaa muda gani mbele ya sigara ya kwanza? Kama ni chini ya dakika 5, kiu yako ni kubwa sana. Kama ni kabla ya nusu saa, ni kubwa. Kama unaweza kupita saa nzima, umeoga, umekula, umefika kazini bila kuikumbuka, kiu yako ni ndogo. Uliza pia: Hata siku ninapolala kitandani na homa, ninavuta? Jibu kwa kweli, hata kama unajijibu mwenyewe tu.

Sigara ya umeme ni kitu gani?

Mfamasia mmoja wa China, Hon Lik, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mvutaji, ndiye aliyetengeneza namna ya sasa ya sigara hii mwaka wa 2003. Ndani yake mna betri ndogo, waya unaopata moto, na maji mazito yaliyotiwa nikotini na manukato ya embe, ya mnanaa au ya peremende. Mtu anapovuta, waya unapasha yale maji, nayo yanakuwa mvuke. Hakuna jani linalowaka. Hakuna majivu. Kwa hiyo hakuna lami ya sigara wala ile gesi ya mbabula, na sumu nyingi za moshi hazimo, au zimo kidogo sana.

Basi kwa mtu mzima anayevuta sigara za moto, akizitupa zote na kushika hii peke yake, mapafu yake yanapokea sumu chache kuliko zamani. Hili ni neno la kweli, nasi hatulifichi. Katika Uingereza walipima jambo hili kwa wavutaji 886 waliotaka kuacha, wakatangaza matokeo mwaka wa 2019. Nusu walipewa sigara ya umeme. Nusu walipewa plasta, chingamu na dawa nyingine zenye nikotini. Wote walipata pia mtu wa kuwashauri kila juma kwa majuma 4. Baada ya mwaka mmoja, katika watu 100 wa sigara ya umeme, 18 walikuwa wameacha sigara ya moto. Katika 100 wa plasta, karibu 10.

Angalia hesabu hiyo vizuri. Kwanza, hata katika kundi lililoshinda, watu 82 katika 100 hawakufika. Pili, katika wale walioacha kwa njia ya sigara ya umeme, watu 80 katika 100 walikuwa wangali wanaivuta mwaka ulipokwisha. Wametoka katika moshi, ndiyo, lakini hawajatoka katika nikotini. Ni kama mtu aliyevuka mto wa Lufira na kujenga nyumba juu ya daraja.

Kwa nini mwingine anahama upesi kutoka sigara ya moto, na mwingine anarudi? Sababu nyingi ni zile zile tulizozisema. Mwenye kiu kubwa akinunua chombo chenye nikotini kidogo, hakitamtosha, na jioni atatafuta sigara. Mwingine anakosa ule mchomo wa koo aliouzoea. Mwingine, tuseme kweli, anashindwa kwa sababu ya umeme wenyewe: betri imekwisha, umeme umekatika katika mtaa tangu juzi, na sigara moja moja zinauzwa pale kwenye kona. Katika Ulaya hawawazi sana jambo hili.

Wengi kati yetu wanafanya njia ya tatu, nayo ni mbaya: wanavuta zote mbili. Sigara ya moto nyumbani, ya umeme kazini. Wanasema, nimepunguza. Lakini moyo na mishipa ya damu havihesabu kama sisi. Wataalamu waliokusanya uchunguzi mwingi na kuutangaza mwaka wa 2018 waliona kwamba mtu anayevuta sigara 1 tu kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya moyo ya mtu anayevuta 20. Wewe ungewaza ni sehemu moja ya ishirini. Sivyo. Ukihama, hama na mizigo yote.

Tena hatari yake haijajulikana yote. Kansa ya mapafu inaweza kukawia miaka 20 au 30 mbele ya kuonekana, na chombo hiki hakijaishi miaka mingi hivi mikononi mwa watu. Hatari nyingine imekwisha kuonekana: maji yasiyojulikana. Katika Marekani, kuanzia mwaka wa 2019 mpaka mwezi wa 2 wa 2020, watu 2,807 walilazwa hospitalini au kufa kwa ugonjwa wa mapafu uliotoka katika vyombo hivi. Waliokufa walikuwa 68. Wengi wao walikuwa wamevuta mafuta ya bangi yaliyochanganywa na mafuta ya vitamini E, yaliyouzwa kwa siri. Katika Ulaya sheria inakataza nikotini kupita miligramu 20 katika mililita moja ya maji. Katika inchi nyingine vinauzwa vyenye 50. Uganda imekataza kabisa kuingiza na kuuza sigara za umeme, kwa sheria yake ya mwaka wa 2015. Kwetu, chombo kinachouzwa juu ya meza sokoni kinaweza kuwa kimeandikwa jambo moja na kubeba jingine. Unaponunua, hujui unakunywa nini.

Kwa hiyo kijana asiyevuta hana sababu hata moja ya kushika kitu hiki. Nikotini ya namna mpya imetengenezwa iwe laini, haichomi koo. Zamani kikohozi cha sigara ya kwanza kilimfukuza mtoto; hiki hakimfukuzi. Tena sigara ya moto inaungua na kwisha, mtu anaitupa. Hii haina mwisho. Yuko nayo kitandani, darasani, chooni, anavuta kidogo kidogo tangu asubuhi mpaka usiku, na kiu yake inaweza kupita ya babu yake aliyevuta kiko.

Na hapa nitasema neno kwa wazee wa kanisa. Katika makanisa yetu mengi ya Kiprotestanti hapa Katanga, mtu anayetaka ubatizo anaombwa kuacha tumbako. Sipingi desturi hiyo. (Wengine wanasema tumbako ni kitu cha mababu, lakini mmea huu ulitoka Amerika, haukujulikana Afrika mbele ya safari za Wazungu kule.) Lakini mtu anayeogopa kuaibishwa anafanya nini? Anajificha. Na sigara ya umeme ni nzuri sana kwa kujificha: haina harufu ya moshi, inanukia embe. Siku hizi mtu anaweza kukaa mwaka mzima katika kwaya nayo mfukoni na hakuna anayejua. Mtu aliyejificha hawezi kusaidiwa. Mzee anayemwuliza, Sigara yako ya kwanza ni saa ngapi asubuhi? anafanya kazi kubwa kuliko yule anayeuliza, Kwa nini hujaacha?

Kama unataka kuacha

Mwenye kiu ndogo achague siku moja, aitangaze kwa mtu wa nyumbani, atupe pakiti na kibiriti, na aache kwa mara moja. Wengi kama yeye wanashinda bila dawa.

Mwenye kiu kubwa asijaribu hivyo mara 5 na kukata tamaa. Aende kwa daktari. Plasta na chingamu za nikotini zimo katika orodha ya OMS ya dawa za lazima tangu mwaka wa 2009, na mwaka wa 2024 shirika hilo lilishauri pia vidonge vya vareniklini, bupropioni na sitisini. Ni kweli kwamba dawa hizi hazipatikani pahali pote kwetu, na bei yake ni nzito. Lakini hesabu fedha unazompa mwuzaji wa sigara kila juma, kisha uliza bei katika farmasi. Kama dawa hazipatikani na umekwisha kuanza sigara ya umeme, basi itumie kama mtu anayevuka: acha sigara za moto zote, tafuta chombo kilichoandikwa nguvu ya nikotini, shuka nguvu hiyo polepole miezi kwa miezi, na weka siku ya mwisho. Usishuke upesi mpaka ukarudia moshi.

Majuma ya kwanza, acha bia. Ukinywa kahawa, punguza kama nusu, kwa maana moshi ulikuwa unafanya ini livunje kahawa upesi. Ukiacha moshi, kikombe kile kile kitakutetemesha na kukunyima usingizi, nawe utawaza ni sigara unayoitaka. Kiu ikija, angalia saa. Kwa kawaida inapita katika dakika chache tu. Kunywa maji, toka nje, tembea mpaka kwa jirani. Kikohozi kinaweza kuongezeka kidogo mwanzoni, usiogope; lakini kikipita majuma 2, au kikileta damu, njoo upimwe kifua kikuu. Ukianguka siku moja, usiseme yote yamepotea. Watu wengi walioacha kabisa walikuwa wamejaribu mara nyingi. Kila mara angalia ulianguka pahali gani na pamoja na nani, na mara inayofuata usipite pale.

Baada ya siku moja au mbili bila moshi, ile gesi ya mbabula imetoka katika damu. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya moyo iliyoongezwa na sigara imeshuka karibu nusu. Baada ya miaka 10, hatari ya kufa kwa kansa ya mapafu ni karibu nusu ya ile ya mtu anayeendelea kuvuta.

Mama mwenye mimba, au anayenyonyesha, asianze sigara ya umeme kwa kuwaza ni salama kwa mtoto. Nikotini inapita mpaka kwa mtoto. Kama anavuta sasa, aseme wazi siku ya kupimwa mimba, apate kusaidiwa mapema.

Neno la mwisho ni juu ya ile chupa ya maji ya nikotini. Inanukia peremende, na mtoto mdogo ataiweka kinywani. Maji kidogo tu yanaweza kumwua. Uiweke juu, mahali palipofungwa, kama unavyoweka dawa ya panya. Maji yakimwagika juu ya ngozi, vua nguo na osha kwa maji mengi na sabuni. Mtoto akiyanywa, utaona anatapika, anatoa mate mengi na jasho, rangi inabadilika, analegea. Usimlazimishe kutapika, wala usimpe maziwa au mafuta ya ngazi. Mbebe upesi mpaka hospitali, mchana au usiku, na uilete chupa pamoja naye, ili daktari asome nguvu iliyoandikwa juu yake.